Usione Vyaelea: Majagina wa Sinema Mbele ya Mizani ya Fizikia

Mwaka 1902 Mfaransa Georges Méliès alionyesha filamu fupi juu ya safari ya kwenda mwezini. Ndani yake wataalamu wa nyota wanaingia katika risasi kubwa ya mzinga, wanafyatuliwa, na risasi hiyo inamchoma Mwezi jichoni. Wasafiri wanashuka wakiwa wamevaa makoti ya kawaida na kushika miavuli. Wanavuta pumzi bila taabu, kisha wanajilaza chini na kusinzia kama abiria waliokosa basi la mwisho. Wakati wa kurudi hawahitaji mzinga wala mafuta. Risasi yao inavutwa hadi ukingoni mwa jabali, inaanguka kutoka mwezini mpaka duniani, na kutumbukia baharini.

Mtazamaji wa leo hucheka, na ana haki ya kucheka; ingawa hana budi kukiri kwamba wanaanga wa Apollo 11 nao, Julai 1969, walimaliza safari yao kwa kutumbukia baharini. Kicheko hicho ni chepesi kwa sababu kosa linaonekana kwa macho matupu. Mwezi umepakwa rangi, na jabali ni la mbao na turubai. Katika filamu za miaka ya hivi karibuni mambo ni tofauti. Kompyuta huchora jitu, moto, maji na kivuli kwa ustadi hata jicho likaridhika kabisa. Kamba iliyokuwa ikimning'iniza shujaa haionekani tena, lakini kosa la fizikia mara nyingi limebaki pale pale. Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Kwa mwanafunzi anayetazama sinema leo, jicho halitoshi kuwa hakimu. Anahitaji kalamu na karatasi.

Si kwamba mtunzi wa hadithi amekatazwa kubuni. Tangu utotoni Mswahili amezoea kusikia kwamba sungura alisema na simba akajibu, na hakuna anayesimamisha hadithi ili kuuliza habari za koo la sungura. Ila sungura huyo huyo akitumbukia kisimani, hana budi kutafuta hila ya kutoka, kwa maana kisima ni kisima. Hadithi nzuri huomba jambo moja lisilowezekana, kisha hulipa deni lake kwa uaminifu. Zifuatazo ni baadhi ya filamu mashuhuri zilizoombwa zilipe deni hilo mbele ya mizani ya fizikia.

TEMBO ALIAYE PASIPO HEWA

Katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 vyombo vya vita vinapita angani kwa mngurumo, na kila kinacholipuka kinalipuka kwa kishindo. Sauti, hata hivyo, ni mtikisiko unaopokezanwa na chembe za kitu fulani. Katika hewa husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde, katika maji kiasi cha mita 1,500, na katika chuma cha pua hufikia kiasi cha mita 5,000. Mahali pasipo na kitu, sauti haina njia ya kupita. Robert Boyle alieleza majaribio yake juu ya jambo hili mwaka 1660, na shule yenye pampu ya hewa na kengele ndani ya chupa ya kioo inaweza kuyarudia: hewa ikitolewa, kengele huonekana ikigonga huku mlio wake ukififia.

Aliyetengeneza sauti za filamu hiyo, Ben Burtt, aliupata mlio wa vyombo vya vita vya adui kwa kuchanganya sauti ya tembo na sauti ya gari likipita juu ya lami iliyolowa. Kwa hiyo mtazamaji anapotetemeka kitini, kinachomtetemesha ni tembo anayelia mahali ambapo hakuna hewa ya kuufikisha mlio wake. Stanley Kubrick alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1968, katika filamu ya 2001: A Space Odyssey, kwamba kimya cha angani chaweza kutisha kuliko kishindo.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake katika sauti hizo. Katika Return of the Jedi, filamu ya mwaka 1983, yumo rubani msaidizi mwenye mashavu mapana na masikio makubwa, mkazi wa sayari ya mbali. Sauti yake ilitolewa na mwanafunzi kutoka Kenya, Kipsang Rotich, naye alisema maneno ya Kikuyu. Watazamaji wa nchi nyingine walisikia lugha ya ajabu ya sayari isiyojulikana, wakati wanaojua Kikuyu walisikia lugha ya nyumbani kutoka kinywani mwa kiumbe asiyewahi kufika Nyeri.

MIKONO YA CHUMA YA SUPERMAN

Katika Superman ya mwaka 1978 mwandishi wa habari Lois Lane anaanguka kutoka kwenye helikopta iliyokwama juu ya jengo refu. Superman anaruka kutoka chini, anakutana naye katikati ya njia, anamdaka, na ukumbi mzima unashangilia. Walio wengi hudhani kwamba hatari ya kuanguka imo katika ardhi. Kwa kweli hatari imo katika kusimamishwa kwa ghafla, na ni mamoja anayesimamisha akiwa saruji au mikono ya jagina asiyeumia.

Ichukuliwe kwamba mtu ameanguka mita 100, na upinzani wa hewa uachwe kando. Kasi yake itakuwa kiasi cha mita 44 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 160 kwa saa. Iwapo mikono itamsimamisha katika umbali wa nusu mita, hesabu ni nyepesi: umbali alioanguka hugawanywa kwa umbali wa kusimama. Mia moja ikigawanywa kwa nusu hutoa 200. Mwili utabanwa kwa kani iliyo takriban mara 200 ya uzito wake. Kwa mtu wa kilo 55, hiyo ni sawa na kubebeshwa tani 11, kiasi cha tembo dume wawili. Na Superman, badala ya kupunguza balaa, anakuja kwa kasi kutoka upande wa pili.

Fizikia haikatai uokoaji. Inataka tu ufanywe taratibu. Shujaa angemfuata mwanamke huyo akishuka naye sambamba, na baada ya mita 50 za kwanza akaanza kupunguza mwendo katika mita 50 zilizobaki. Hapo Lois Lane angejisikia mzito maradufu tu, kisha angetua akiwa na haja ya maji ya kunywa, si ya jeneza. Waandishi wa vitabu vya picha vya Spider-Man walilitambua jambo hili mwaka 1973, walipomfanya msichana Gwen Stacy afe wakati utando wa buibui ulipomdaka ghafla. Profesa James Kakalios wa Chuo Kikuu cha Minnesota amelitumia tukio hilo kufundishia fizikia, na kitabu chake juu ya fizikia ya majagina kilitoka mwaka 2005.

Hapa ndipo mzaha unapokoma kwa muda. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa lina kasi ya mita 22 kwa sekunde, ambayo ndiyo kasi ya kitu kilichoanguka mita 25, yaani kutoka ghorofa ya saba au ya nane. Basi hilo likigonga kitu na kusimama katika umbali wa mita moja, kila kilichomo kitahitaji kani mara 25 ya uzito wake ili kisimame pamoja nalo. Mzazi aliyempakata mtoto wa kilo 10 atatakiwa kushika kilo 250 kwa mikono miwili. Hakuna mzazi awezaye, hata awe na upendo kiasi gani. Ndiyo sababu upo mkanda wa usalama na mfuko wa hewa. Kazi yake ni ile ile ya mlinda mlango anayerudisha mikono nyuma anapodaka mpira mkali: kuongeza umbali na muda wa kusimama. Kijana aliyezoea kumwona shujaa akitoka mzima katika kila gari linalobingirika hana budi kuijua hesabu hii kabla ya kupanda gari la kweli.

DUNIA ILIYOGEUZWA KINYUME

Mwishoni mwa filamu hiyo hiyo Lois Lane anafukiwa katika tetemeko la ardhi. Superman, kwa uchungu, anaizunguka Dunia mbio hata Dunia yenyewe inasimama na kuanza kuzunguka kinyume, na wakati unarudi nyuma. Katika nadharia hii Dunia ndiyo mashine inayozalisha wakati, na atakayeigeuza ataipata jana. Ni sawa na mtu kurudisha mishale ya saa ili apunguze umri wake.

Lakini gharama ni kubwa kuliko faida. Mzingo wa Dunia kwenye ikweta ni kiasi cha kilomita 40,000, na mzunguko mmoja huchukua takriban saa 24. Maana yake ni kwamba mkazi wa Nanyuki, hata akiwa amelala, anasafirishwa kuelekea mashariki kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa. Haisikii kwa sababu nyumba, hewa na kitanda vinakwenda naye. Ardhi ikisimamishwa katika sekunde 10, kitanda kitaendelea na safari. Bahari ya Hindi nayo ingeondoka Mombasa na Dar es Salaam ikielekea Sumatra. Mwandishi mmoja wa habari angeokolewa, na habari ya kuandika angekuwa nayo tele, ila wasomaji wasingepatikana.

SISIMIZI WA MITA TATU NA KIFARU MFUKONI

Filamu ya Them! ya mwaka 1954 inaonyesha sisimizi waliokuwa wakubwa kupindukia katika jangwa la New Mexico kutokana na mionzi ya majaribio ya bomu la atomiki. Jibu la sayansi kwa wadudu hao lilikuwa limeandikwa tangu mwaka 1638, Galileo alipoeleza kwa nini mifupa ya mnyama mkubwa haiwezi kuwa nakala tu ya mifupa ya mnyama mdogo.

Sisimizi wa sentimita moja akifanywa wa mita tatu, urefu wake umezidishwa mara 300. Unene wa miguu yake, ambao ndio unaobeba, hupimwa kwa eneo; kwa hiyo umeongezeka 300 mara 300, yaani mara 90,000. Uzito wake, unaotegemea ujazo, umeongezeka mara milioni 27. Kila mguu sasa unabeba mzigo mara 300 zaidi kwa kila kipande cha eneo lake. Sisimizi aliyekuwa akibeba mara 20 ya uzito wake sasa hawezi kuinua hata sehemu moja ya kumi ya mwili wake. Tena hana mapafu. Hewa humfikia kwa mirija midogo inayofaa mwili mdogo tu. Jeshi la Marekani lililotumwa kumchoma moto katika filamu hiyo lingeweza kubaki kambini. Anayetaka ushahidi aitazame miguu ya swala na ya tembo: asili haikumpa tembo miguu ya swala iliyokuzwa, ilimpa nguzo.

Filamu ya Ant-Man ya mwaka 2015 ilichukua njia ya kinyume. Mtu anasinyaa hadi kimo cha sisimizi, na maelezo yanayotolewa ni kwamba nafasi kati ya atomu zake imepunguzwa. Ikiwa ni hivyo, uzito wake haukwenda popote. Mtu wa kilo 80 aliyepunguzwa mara 150 kwa urefu ana eneo la nyayo lililopungua mara 22,500, na kanieneo chini ya miguu yake imeongezeka kwa kiasi hicho hicho. Badala ya kutembea juu ya zulia angezama sakafuni kama msumari. Filamu inaikubali hoja hii shujaa anapopiga ngumi nzito kama risasi, na kuisahau anapompanda sisimizi mwenye mabawa na kuruka naye. Mwanasayansi mzee wa hadithi hiyo anazidi: amening'iniza kwenye ufunguo wake kifaru cha vita kilichosinyazwa, chombo cha tani zaidi ya 25, na suruali yake haimvuki.

Hata hivyo kosa la sinema lina historia yake. Mwaka 1954, uliomleta sisimizi wa New Mexico, ulimleta pia Godzilla wa Japani, miezi michache baada ya majivu ya bomu la haidrojeni lililojaribiwa Bikini kuwaangukia wavuvi wa Kijapani. Spider-Man alipobuniwa mwaka 1962 aliumwa na buibui mwenye mionzi. Katika filamu ya mwaka 2002 mionzi iliondolewa, na buibui akawa amebadilishwa jeni maabarani. Kila zama humkabidhi shujaa nguvu zinazotokana na kile ambacho watu wa zama hizo wanakiogopa na hawajakielewa vyema.

PALE MCHEKAJI ALIPOKOSEA

Itakuwa si haki kudhani kwamba kalamu humhukumu jagina kila mara. Katika Spider-Man 2 ya mwaka 2004 shujaa anasimama mbele ya treni ya abiria inayokimbia, anarusha tando kwenye majengo ya pande zote mbili, na kuisimamisha. Jicho husema haiwezekani. Wanafunzi wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walipiga hesabu. Walipata kani ya karibu nyutoni 300,000, wakaona kwamba uimara unaotakiwa haupiti ule wa nyuzi halisi za buibui, mradi ziwe nene kama zile za kwenye filamu. Katika Madagaska wako buibui wanaotandaza nyuzi zao kutoka ukingo mmoja wa mto hadi wa pili, mita 25 na zaidi. Jambo lisilowezekana halikuwa utando. Ni mabega ya kijana aliyeushika, yaliyobeba kiasi cha tani 30.

Filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, ambamo Mkenya Lupita Nyong'o aliigiza, nayo iliomba jambo moja: madini ya Wakanda yanayomeza nguvu ya kila pigo. Baada ya hapo ilijitahidi kutunza daftari. Nishati ya mapigo haipotei. Inawekwa akiba katika vazi la shujaa, na baadaye inatoka yote kwa mlipuko mmoja. Madini hayo hayapo, lakini kanuni ya kutopotea kwa nishati imeheshimiwa kuliko katika vitabu vingi vya mashujaa.

Armageddon ya mwaka 1998 haikuwa na uangalifu huo. Jiwe la angani lenye ukubwa wa jimbo la Texas linagunduliwa siku 18 kabla ya kuigonga Dunia, na wachimbaji wa mafuta wanatumwa kulitoboa na kulifukia bomu. Ceres, kitu kikubwa kuliko vyote katika ukanda wa asteroidi, kina kipenyo cha kiasi cha kilomita 940, nacho kilionekana kwa darubini za mwaka 1801. Jiwe la Texas lingekuwa limekwisha kuandikwa katika vitabu vya shule. Tarehe 26 Septemba 2022 shirika la NASA lilifanya jaribio la kweli. Chombo cha DART, chenye uzito wa chini ya kilo 600, kilijigonga kwa kasi ya karibu kilomita 6 kwa sekunde kwenye Dimorphos, jiwe la mita 160 hivi linalolizunguka jiwe kubwa zaidi. Muda wake wa kuzunguka, uliokuwa saa 11 na dakika 55, ukapungua kwa zaidi ya dakika 30. Hapakuwa na shujaa wala bomu. Palikuwa na watu wengi waliopiga hesabu kwa miaka mingi, na msukumo mdogo uliotolewa mapema.

Sinema nayo imeilipa sayansi. Filamu ya Kijerumani ya mwaka 1929, Frau im Mond, iliyoshauriwa na mtaalamu wa roketi Hermann Oberth, ilionyesha roketi ikirushwa kwa kuhesabu kinyumenyume hadi sifuri, kabla ya jambo hilo kuwa desturi ya vituo vya kurushia roketi. Fritz Lang, aliyeiongoza, alitaka tu watazamaji washike pumzi.

KAZI KWA DARASA

1. Katika filamu, mlipuko ulio mbali kilomita 2 huonekana na kusikika kwa pamoja. Katika hewa ya kawaida, sauti ingechelewa sekunde ngapi?

2. Hulk ni mtu wa kawaida anayegeuka jitu la kilo mia kadhaa kwa sekunde chache. Orodhesheni mahali ambapo maada hiyo ya ziada ingeweza kutoka, kisha mkate kila jibu lisilokubaliana na kanuni ya kutopotea kwa maada.

3. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa na kusimama katika nusu mita. Kasi hiyo ni sawa na kuanguka kutoka kimo gani, na abiria wa kilo 60 atahitaji kani kiasi gani ili asimame pamoja na gari?

4. Kila mwanafunzi achague tukio moja kutoka filamu anayoipenda kuliko zote, alipime kwa hesabu, na kuwaeleza wenzake kama shujaa wake alipona kwa haki.